Shukrani kwa dada wa zoezi la kuzungumza

Dada uliyesimamia zoezi la kuzungumza Kiingereza, jina lako sikulipata, ila asante sana. Binti yangu huongoza darasa katika hisabati, basi watu hudhani haogopi kitu. Kumbe mtoto aliyezoea kupata zote ndiye anayefunga mdomo, akihofia kukosea mbele ya wenzake. (Wengine walishaamua ni maringo.) Wewe uliona mikono ikitetemeka, ukampa muda apange mawazo, ukamwacha amalize sentensi zake mbovu bila kumkatiza. Kisha ukanieleza kuwa hofu hii ya kuzungumza lugha ya kigeni darasani ina hata kipimo: dodoso la mtafiti Horwitz na wenzake la mwaka 1986, lenye vipengele 33. Siku hizi anauliza maswali darasani, kwa Kiingereza cha kuungaunga.