Kiwi ni ya viatu, siyo ya siti za gari

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wenye magari ya mtumba yenye siti za ngozi.

Gari yangu ilitoka Japani siti zikiwa nyeusi tii. Miaka haikupita mingi ule ubavu wa siti ya dereva upande wa mlango, pale unapoburuza makalio kila ukishuka, ukapauka na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. Fundi siti mmoja akaniambia ngozi imeshakufa hiyo, tung'oe zote tuvalishe rexini, ile ngozi bandia. Hela yake sina, nikachukua kiwi nyeusi na brashi nikapaka siti zote, aisee ziling'aa. Jumapili yake binti yangu ana kipaimara, kakaa mbele na gauni jeupe, na jua la Moshi mnalijua, kufika kanisani mgongo mzima mweusi utadhani kabeba gunia la mkaa. Mama yake hakusema neno, na akinyamaza yule ndo ujue kuna kazi.

Kumbe kiwi ni nta, ikipata joto inalainika na kuhamia kwenye nguo. Siti nyingi za gari ngozi yake imepakwa rangi juu, halafu juu ya rangi kuna klia, ule mpako wa kukinga usio na rangi, kama kwenye bodi ya gari, sasa hiyo nta itaingilia wapi? Dondoshea tone la maji sehemu ambayo haijapauka wala kupasuka, likibaki juu bila kuzama ujue ndo hizo. Kwa hiyo kilichoisha kwenye siti yangu ilikuwa ile rangi tu, ngozi ya chini ipo.

Nikaanza upya mwenyewe nyumbani. Kazi kubwa ni kusafisha bana, kupaka ni mwishoni kabisa. Nilisugua kwa maji ya sabuni laini na brashi mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikafuta na spiriti kutoa mafuta ya mwili, ile kiwi yangu, na zile dawa za kung'arisha wanazopuliza waosha magari, maana nyingi zina silikoni na juu ya silikoni rangi haishiki hata ufanyeje. Tina ya kuzimulia rangi usiguse, inakula hadi rangi ambayo bado iko sawa. Baada ya hapo msasa laini namba 600 kidogo kidogo, nyufa nikaziba na puti ya ngozi, ile inayojikunja, ya bodi itapasuka. Ndo ikaja rangi ya ngozi ya maji, kwa sponji, mikono myembamba minne, yaani tabaka nne, kila mkono unakauka kwanza, mwisho klia isiyong'aa sana. Siku mbili sikukalia. Shemeji yangu wa Sakina Arusha alifanya yake mwezi wa saba na lile baridi lao, hakuwa na subira, mkono wa pili juu ya wa kwanza mbichi, mpaka leo siti inanata.

Kama siti ni rexini na imeshaanza kubanduka magamba, hapo rangi haisaidii, nenda kwa fundi. Ila kabla hajashona angalia ubavuni mwa siti kama kuna kile kibandiko cha SRS AIRBAG, eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga gari likigonga, iko humo ndani na kava la kushonea hovyo linaweza kuizuia kutoka siku ya ajali.

Kinachoniuma mhariri, sisi hapa tuna kiwanda cha ngozi Karanga, na Himo nako wanachakata ngozi, lakini mie nimezunguka mjini siku nzima kuulizia rangi ya ngozi ya gari, kila duka naonyeshwa kiwi. Wenye maduka ya spea leteni hata chupa ndogo ndogo, wateja tupo.

Lile gauni doa halikutoka. Mama yake kalikata kashona foronya mbili.

Baba wa binti,
Majengo, Moshi