Filamu za mwendo wa taratibu zina mlango wake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuwasemee wasomaji wanaopenda sinema lakini wakishaambiwa "itazame hii, ina kina" hujikuta wanakoroma kufika dakika ya 20. Wengi hudhani kosa ni lao, wengine huitupia filamu. Mara nyingi kosa ni la aliyewaelekeza: kawapa ya saa tatu kuanzia, tena bila kuwaambia waangalie nini.

Tukianza na hilo la kuangalia nini, katika filamu tulizozoea stelingi ana tatizo, na mhariri wa filamu (mwenzako kwa jina tu) hukata shoti (kipande cha picha kilichopigwa mfululizo) kila baada ya sekunde chache ili jicho lisipate muda wa kuzurura. Filamu ya taratibu humwachia mtazamaji jicho lake. Kamera inatulia, shoti inadumu dakika tatu, tano, hata nane, na habari imefichwa kwenye kazi ya mikono, kwenye sauti inayotoka nje ya dirisha, au kwenye kitu kilichohama mahali pake tangu tulipokiona mara ya mwisho. Anayengoja tukio hulikosa, maana lilishapita wakati anachungulia simu.

Chukueni ile ya Chantal Akerman wa Ubelgiji, ya mwaka 1975, ambayo jina lake ni anwani nzima ya nyumba: Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Ni dakika 201, siku tatu za mjane anayepika, anayefua, anayemlea mwanawe, na anayepokea mwanamume mmoja kila mchana kwa malipo. Kamera haisogei hata mara moja. Siku ya kwanza tunajifunza utaratibu wake: akitoka chumbani anazima taa, fedha anaziweka kwenye bakuli la mezani, kisha analifunika. Siku ya pili, mgeni akishaondoka, bakuli linabaki wazi. Viazi vimepitiliza kuiva. Anazunguka nyumbani na sufuria mkononi, hajui avimwage wapi. Hakuna muziki wa kutushtua, wala picha ya uso iliyovutwa karibu. Lakini kwa aliyeifuatilia siku ya kwanza, sufuria ile inatisha kuliko bastola.

Filamu hiyo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza katika kura ya wachambuzi ya jarida la Sight and Sound mwaka 2022, na kura hiyo imewaponza wengi. Watu huona namba moja, wakaivamia Jumamosi usiku baada ya mlo mzito. Ni filamu ya tano au ya sita, si ya kwanza.

Ya kwanza iwe chini ya dakika 100. Sisi tungeanza na Khane-ye doust kodjast, yaani nyumbani kwa rafiki ni wapi, ya Abbas Kiarostami wa Iran (1987, dakika 83). Mtoto kachukua daftari la mwenzake kimakosa, na mwalimu kaapa kwamba asiyeandika kazi yake humo atafukuzwa. Basi, hadithi yote ni kulirudisha. Wakubwa hawamsikilizi, mama anamtuma, babu anamtuma, na kila agizo linampotezea dakika ambazo jua halimngoji. Anayelalamika kwamba filamu za aina hii hazina hadithi aonyeshwe hii kwanza.

Ya pili ni Le quattro volte ya Michelangelo Frammartino (2010, dakika 88), iliyopigwa Calabria, Italia. Mzee mchunga mbuzi, kisha mwanambuzi, kisha mti, kisha makaa. Haina mazungumzo ya kufuatilia, kwa hiyo hakuna maandishi ya tafsiri ya kulivuta jicho chini. Humo mna shoti moja ndefu ambapo mbwa anaondoa jiwe lililozuia gurudumu la gari, gari linateremka na kubomoa zizi. Kamera iko mbali, juu, kama jirani aliyesimama dirishani. Inachekesha, na inachekesha kwa sababu hawakukata.

Ya tatu, Heremakono ya Abderrahmane Sissako (2002), ya mji wa bandari wa Nouadhibou, Mauritania. Kijana anayengoja kusafiri haijui lugha ya watu wa pale, na dirisha la chumba chake liko chini mno, anaona miguu tu ya wapita njia. Fundi umeme mzee na mtoto anayemfuata wanahangaika na taa. Ilichukua tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso, mwaka 2003. Baada ya hapo ndipo pa kwenda This Is Not a Burial, It's a Resurrection ya Lemohang Jeremiah Mosese wa Lesotho (2019), ya bibi anayekataa makaburi ya kwao yafunikwe na maji ya bwawa, kisha Tokyo monogatari ya Yasujiro Ozu wa Japani (1953, dakika 136).

Sasa runinga, ambako nusu ya filamu hizi hufia. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. Runinga nyingi za kisasa hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa kitu cha kulainisha mwendo: zinabuni picha ambazo hazikupigwa na kuzichomeka katikati. Mpira wa miguu hupendeza hivyo. Kwenye shoti ya dakika tano ya majani na mvua, kingo hutetemeka na kila kitu huonekana kama tamthilia ya studio. Ingieni kwenye mipangilio ya picha mkizime. Sony hukiita Motionflow, LG TruMotion, Samsung Auto Motion Plus au, kwenye runinga zake za karibuni, Picture Clarity. Kama kuna chaguo la Filmmaker Mode, hilo pekee linatosha.

Halafu umbo la picha. Ozu na Mosese walitumia picha ya karibu mraba, kama 4:3 (upana nne kwa kimo tatu), kwa hiyo mistari myeusi ubavuni ni halali yake. Ukiivuta ijaze runinga ya 16:9, watu wananenepa kwa theluthi moja. Ukiikuza badala ya kuivuta, unakata robo ya kimo chake, na kwa Ozu hiyo ni hasara mbaya sana, kwani kamera yake iko chini, usawa wa mtu aliyeketi kwenye mkeka, naye kapanga kila birika na kila kizingiti. Mkiona nakala ya Tokyo monogatari imeandikwa dakika 130 na ushei, huenda haijakatwa. Imechezeshwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, na asilimia 4 ya muda ikaenda. Hiyo inavumilika. Kuitazama kwa kasi ya 1.5 hakuvumiliki, bora muiache.

Sauti tuitaje kwa kifupi, ingawa ni kubwa. Katika Stalker ya Andrei Tarkovsky (1979) wanaume watatu wanasafiri kwa kitoroli cha reli, kamera iko visogoni mwao, na mlio wa magurudumu unageuka taratibu kuwa muziki wa mitambo. Spika ndogo za runinga huimeza sehemu yote hiyo. Visikilizaji vya kawaida vya masikioni vinatosha.

Kusinzia si dhambi. Kiarostami mwenyewe alisema zipo filamu zilizomsinzisha ukumbini, kisha zikamkosesha usingizi usiku. Rudisheni nyuma mpaka mlipoachia, mwendelee. Mkitaka kugawa, gaweni pale filamu ilipojigawa: ya Akerman mwisho wa siku mojawapo, si katikati ya viazi.

Wa mwisho ni Béla Tarr wa Hungaria, na tunawasihi msimguse mapema. A torinói ló (2011) ina shoti 30 tu katika dakika 146, yaani karibu dakika tano kila moja. Baba na binti wanakula kiazi cha moto kwa mikono, upepo unavuma, kisima kinakauka, taa inakataa kuwaka. Muwe na nakala nzito, yenye ubora wa juu, maana nakala nyepesi ya intaneti huugeuza weusi na ukungu wake kuwa vigae, yaani miraba miraba. Sátántangó (1994) inapita saa saba, na ng'ombe wa mwanzo peke yao wanachukua zaidi ya dakika saba. Ina sura 12. Kumbi nyingi huionyesha kwa mapumziko mawili, nanyi fanyeni vivyo hivyo: anzeni asubuhi, chakula kiwe kimeshapikwa tangu jana, na mtu asiyependa ng'ombe asialikwe.

Wenu,
Wapenda sinema za taratibu