Tramu ya Alexandria: tuulize kuhusu njia kabla ya mabehewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu mpango wa Misri wa kuigeuza tramu ya Raml, treni ndogo ya mjini Alexandria, iwe reli nyepesi ya kisasa, yaani treni za umeme za mjini. Habari nyingi za mradi huo hupambwa kwa picha za mabehewa mapya, nami naona picha hizo zinatupoteza.

Tramu hiyo ilianza kazi mwaka 1863, ikiwa ya kwanza barani Afrika. Kabla ya mradi, mwendo wake wa wastani ulikuwa kama kilomita 11 kwa saa, hivyo abiria wa kutoka Raml hadi Victoria, umbali wa kilomita 13 hivi, alimaliza saa nzima au zaidi njiani. Mpango unalenga kuufikisha wastani huo kilomita 21, kuipunguza safari hadi dakika 35, na treni zifuatane kila baada ya dakika 3 badala ya 9. Kilomita 21 kwa saa si mwendo wa ajabu. Kilichoichelewesha tramu kongwe ni makutano ya barabara, ambako ilingoja magari yapite, na ndiyo maana sehemu ya njia mpya itainuliwa juu ya nguzo. Waliopanda mwendokasi Dar es Salaam tangu 2016 wanalijua hili: basi ni basi lilelile, ila likipewa njia yake peke yake huipita foleni yote ya Barabara ya Morogoro.

Wapo wakazi wa Alexandria wanaohofia miti na vituo vya kale vitakavyoguswa na ujenzi, na hofu yao ina haki ya kusikilizwa, ingawa mimi naona njia iliyotengwa inastahili gharama hiyo pale tu ambapo hakuna namna nyingine.

Jambo linalonisumbua zaidi ni matunzo. Reli nyepesi ya Addis Ababa ilifunguliwa mwaka 2015 ikiwa na treni 41 katika njia mbili zenye jumla ya kilomita 34 hivi, ikasifiwa kote, na miaka michache baadaye treni nyingi zikawa zimelala karakana kwa kukosa vipuri, kwa sababu vipuri hununuliwa kwa fedha za kigeni ilhali nauli hukusanywa kwa birr, sarafu ya Ethiopia, tena nauli yenyewe ilikuwa ndogo mno kulinganisha na gharama za uendeshaji. Njia ilikuwapo, abiria walikuwapo, treni hazikuwapo.

Kwa hiyo naomba gazeti lako, litakapoandika tena juu ya Alexandria, lituambie bajeti ya vipuri itatoka mfuko gani, nauli itapangwa na nani, na abiria wa kila siku watasafiri kwa chombo gani wakati reli za zamani zinang'olewa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam