Kuhusu jina la mtoto

Shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi, na hongera kwa ujauzito. Umeniandikia kwamba mama mkwe wako Mthai kalikataa jina la Amina; hajalikataa kwa chuki. Kwa Wathai wanaofuata thaksa, yaani unajimu wao wa kuchagua jina kwa siku ya kuzaliwa, jina halipimwi mpaka ijulikane mtoto kazaliwa siku gani.

Herufi za Kithai zimegawiwa makundi manane, kila kundi na siku yake. Unaanzia siku ya mtoto na kuhesabu hivi: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano mchana, Jumamosi, Alhamisi, Jumatano usiku, Ijumaa, kisha unarudi mwanzo. Kundi la nne huitwa "si", la neema. La nane ni kalakini, nuksi tupu, na herufi yake haiingii popote kwenye jina, hata mwishoni.

Sasa Amina, tuliandike อามีนา. Herufi ya kwanza, อ, ambayo kwao ni konsonanti, ni ya Ijumaa, kwa hiyo ni nuksi kwa mtoto wa Jumapili. Irabu ni za Jumapili, kwa hiyo ni nuksi kwa wa Jumatatu; vivyo hivyo ม (m) kwa wa Jumatano usiku, na น (n) kwa wa Alhamisi. Siku nyingine nne linapita. Usinung'unike: Somchai, jina la kiume la kawaida kabisa huko, linapita siku tatu tu!

Jumatatu ndiyo kazi, maana alama zote za irabu zimefungwa. Hapo hutafutwa majina kama กมล, Kamon, yaani yungiyungi: zimeandikwa k, m, l peke yake, irabu zinatamkwa tu, na l ya mwisho husomwa n. Basi pima maandishi, usitegemee sikio.

Wengi hukosea saa. Siku ya thaksa huanza saa kumi na mbili alfajiri. Akizaliwa saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, bado ni wa Jumapili. Na "Jumatano usiku" yao ni ule tunaouita usiku wa kuamkia Alhamisi. Ukihesabu kama bibi zetu, siku kuanzia magharibi, umeharibu yote.

Andaeni majina matatu mapema, kwani kuandikisha kizazi huko Thailand kuna siku 15 tu. Siku ikigoma, Amina liwe chue len, jina la nyumbani. Hilo halimo kwenye cheti, wala thaksa hailigusi. Wathai wenyewe huwaita watoto wao Kung, kamba wa baharini, au Mu, nguruwe.

Ukijifungua, niandikie saa na dakika.

Wako,
Mwanaisha