Chuma kilipe, kidole kibaki: barua ya wazi kwa wanaochokonoa injini kuukuu

Wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote ambao mkitoka shule begi linatupwa mlangoni na safari inaishia kwenye ile injini iliyolala miaka bila kuwaka. Nimekulia humo. Spana niliijua kabla ya kuijua kalamu sawasawa, kwa hiyo sikuja kumkataza mtu. Nimekuja na neno moja: katika uchokonozi huu yapo masomo yanayolipiwa kwa chuma, na yapo yanayolipiwa kwa mwili. Yale ya chuma yaacheni yawakute, tena mengi. Yale ya mwili yapokeeni bure kutoka kwetu, maana yameshalipiwa.

Nasema hivi kwa sababu gerejini makovu huonyeshwa kama vyeti. Kijana akiungua, mkubwa anacheka na kumwambia sasa amekuwa fundi. Akilalamika, anajibiwa kwa methali: mtoto akililia wembe, mpe. Mimi kwenye injini siikubali hiyo. Wembe utakata ngozi, damu itakauka, mtoto ataelewa. Petroli haimpi mtu nafasi ya kuelewa. Mafundi bora niliowajua walikuwa na vidole vyao vyote na macho yao yote mawili, na walivitunza kwa makusudi.

Nianze na hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono ili iwake, kwa kuwa ndiyo iliyotutisha zaidi utotoni. Kabla ya 1912, Cadillac ilipotoa magari yenye stata ya umeme aliyoibuni Charles Kettering, gari la petroli lilikuwa kazi ya mkono kuliwasha, na mashine nyingi ziliendelea kupigwa hendeli miaka mingi baada ya hapo. Sasa sikilizeni. Plagi haitoi cheche pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, ikiwa imefika juu kabisa. Hutangulia kidogo, kwa sababu mafuta yanahitaji muda kuungua. Injini ikiwa kwenye mwendo wake hakuna neno. Ikizungushwa polepole kwa mkono, moto unaikuta pistoni bado inapanda, unairudisha chini, na hendeli inageuka kinyume kwa nguvu ya mlipuko mzima. Mwenzetu mmoja alivunjika kifundo cha mkono mbele ya macho yetu, na tulipogutuka hendeli ilikuwa imeshatulia. Alikuwa ameikumbatia kwa ngumi, gumba upande huu na vidole vinne upande ule, jinsi mkono unavyopenda kushika wenyewe. Gumba likae upande mmoja na wenzake. Vuteni kwenda juu, msisukume kwenda chini kwa uzito wa mwili, ili ikirudi iponyoke tu mkononi. Na kama injini ina wenzo wa kuchelewesha cheche, icheleweshwe kwanza.

Mtu akishaijua sababu, hahitaji kupigiwa kelele. Chukueni rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Darasani mmefundishwa kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100, basi mtoto anaona maji hayatokoti, anadhani yamepoa. Lakini mfuniko wa rejeta hushikilia shinikizo, na shinikizo likizidi la hewa kwa bar 1 (bar ni kipimo cha shinikizo), maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Ukiufungua, shinikizo linaondoka papo hapo, na maji yaliyokuwa kimya yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Subirini mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike bila kuchoma na ukibinywa uwe laini.

Petroli nayo huogopwa kwa kimiminika chake, wakati hatari iko kwenye mvuke. Hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauruki juu na kupotea. Unatambaa sakafuni, unajaa mashimoni, unaifuata cheche mahali ambapo wewe hukuiona. Msioshee vipuri kwa petroli. Msimimine petroli kwenye mdomo wa kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, huku mwenzenu anapiga stata, maana injini ikikohoa moto unatoka kwa kupitia hapo hapo chupa iliposhikwa. Na kunyonya petroli kwa mpira na mdomo, mchezo tulioucheza sote tukidhani ni ujanja, kuacheni kabisa: tone likiingia njia ya hewa, mapafu yanaungua. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu ikipanda tena ndipo inapoingia mapafuni. Apelekwe hospitali.

Liko jambo ambalo naona vijana wengi hawajaambiwa, na hili nataka mlisome mara mbili. Nozeli ya dizeli, ule mdomo unaonyunyizia dizeli ndani ya injini, hata ya mashine kuukuu, hufunguka kwa shinikizo la zaidi ya bar 100. Mtu anaitoa, anaifunga kwenye bomba lake nje ya injini, anazungusha aone kama inanyunyiza vizuri. Inatoka ukungu mwembamba, mzuri kuutazama, na mtoto anataka kuukinga kwa kidole. Ukungu ule hupenya ngozi. Kidoleni kinabaki kitundu kidogo, damu kidogo, pengine hata maumivu ya maana hakuna, naye anajipangusa na kuendelea na kazi. Saa chache baadaye kidole kimevimba, na nyama ya ndani inaanza kufa. Likitokea hilo hakuna kusubiri kesho: hospitali saa ile ile, na mwambieni daktari waziwazi kwamba dizeli imeingia kwa shinikizo, maana kile kitundu humdanganya hata aliyesoma. Bomba likivuja, mtafute mvujo kwa kipande cha kadibodi. Mkono ukae mbali.

Moshi: msiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache, hata mlango ukiwa nusu wazi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikija, usingizi ukianza, tokeni nje na mtoe na mwenzenu. Jeki ni ya kuinulia tu. Kabla hamjaingia chini, gari likae juu ya stendi za chuma, magurudumu yakiwa yamezuiwa. Betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, basi cheche isiwe karibu, na waya wa hasi utangulie kutoka na uwe wa mwisho kurudi.

Sisi hatukuambiwa pia kuhusu vumbi na masizi. Injini nyingi mnazozifungua zilikunywa petroli yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, ile aliyoigundua Thomas Midgley 1921 na ambayo nchi ya mwisho kuiuzia magari, Aljeria, iliiacha 2021. Masizi ya ndani yake bado yana risasi. Breki, klachi na gasketi (vizibo vya bapa vya kwenye maungio) za zamani huwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na sisi vumbi lake tulilipuliza kwa midomo. Ninyi lilowesheni maji, mlifute kwa kitambaa, mkitupe kikiwa kimefungwa. Oili chafu nayo msiiache ikashinda kwenye ngozi. Nawa kabla ya kula.

Basi yametosha ya mwili. Ya chuma sasa, na hapa naomba mwe huru.

Kateni bolti. Kila fundi lazima asikie mkononi ile hali ambapo bolti inakaza, inakaza, halafu ghafla inakuwa laini. Ule ulaini ndio kukatika, na hakuna kitabu kinachoweza kuufundisha mkono. Mkishaujua, mtaanza kusubiri: mafuta ya kulegeza kutu leo, kugonga kidogo, mafuta tena kesho, kurudi nyuma robo zamu kila mnapoenda mbele nusu. Uzi wa plagi kwenye hedi ya alumini, yaani kifuniko cha juu cha silinda, mkiuharibu mara moja, maisha yenu yote mtaanza kuifunga plagi kwa vidole vitupu kabla ya kuchukua spana. Hedi mkiikaza kutoka pembeni ikapinda na gasketi ikavuja, mtajua kwa nini bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, bila kumaliza moja kabla ya nyingine.

Kilichonifurahisha kuliko yote, na bado kinanifurahisha, ni kuitoa plagi na kuisoma. Ikiwa kahawia ya kufifia, injini inakula vizuri. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli imezidi au hewa imepungua. Ikiwa nyeupe, petroli ni haba na joto limepanda, kabureta itazamwe mapema. Ikiwa imelowa oili, ringi za pistoni au miongozo ya vali, zinazozuia oili isipande kwenye moto, imechoka. Mtoto anayesoma plagi hukoma kubahatisha. Anabadilisha kitu kimoja, anawasha, anasikiliza, ndipo anagusa kingine. Wanaobadilisha vitatu kwa pamoja injini huwawakia na wasijue ni kipi kilichoiwasha.

Injini iliyonoki, yaani iliyoganda isizunguke, msiikimbilie kwa nyundo. Toeni plagi, mwageni oili kidogo kila silinda, muiache siku kadhaa, halafu mjaribu kuizungusha kwa mkono plagi zikiwa nje bado. Na mkifungua, kila kipuri kikae kwenye kitambaa kwa mpangilio kilivyotoka. Pushirodi na tapeti, vile vyuma vinavyosukuma vali zifunguke, zimelika kwa namna ya mahali zilipokuwa, zikibadilishana nafasi zinaanza kulana upya. Alama za taimingi, zinazoonyesha gia zinavyopaswa kukutana, ziwekwe kabla, si baada.

Nanyi wazazi wao, msiwafukuze. Mtoto anayefukuzwa huenda kuchokonoa mahali msipomwona. Mpeni injini isiyo na mafuta wala betri, aifungue mpaka mwisho, airudishe, abaki na nati tatu mkononi akijiuliza zilitoka wapi. Kaeni karibu, mikono mfukoni. Mjibu anapouliza, na msimnyang'anye spana eti kwa sababu ninyi mngemaliza upesi.

Siku ya kuiwasha, gawaneni kazi kwanza. Mmoja awe kwenye swichi, mmoja ashike kizimamoto cha unga, maana maji juu ya petroli huusambaza moto, na mwenye nguo zinazoning'inia akae mbali na feni. Kama ni dizeli yenye ringi zilizokwisha, uwepo ubao bapa unaotosha kuziba mdomo wa hewa, kwa kuwa injini ya namna hiyo inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe, ikapandisha mwendo bila kikomo na isisikie hata mkifunga dizeli. Mdomo ule msiuzibe kwa kiganja wala kwa kitambaa. Na kama ubao haupo, au mdomo haufikiki, tokeni mbio wote na muiache ijivunje.

Ni mimi babu yenu, fundi mstaafu.