Ile habari ya mzee wa Parkinson na kamari imeniudhi

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka na miaka sijawahi kuandika kitu, ila ile habari ya mzee mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, aliyemaliza akiba yote kwenye kamari imenishinda. Mwandishi wenu kaiita tamaa ya uzeeni, kahoji majirani, kahoji na ndugu, hakuna hata daktari mmoja aliyeulizwa huyo mzee anameza dawa gani. Kwanini lakini?

Mume wangu anao huo ugonjwa. Alipoanzishiwa dawa ya pramipexole tulishangilia maana vifungo vya shati alianza kufunga mwenyewe tena. Baada ya miezi kadhaa nikawa namkuta saa tisa usiku kajifunika shuka gubigubi, simu inammulika usoni, anabeti, mtu ambaye maisha yake yote hajanunua hata tiketi ya bahati nasibu, nikimuuliza anakana na simu kaishika, na usiku asiobeti anafungua redio anapanga skrubu kwa ukubwa mpaka kunakucha. Akiba ikaisha, madeni yakaja, ndugu zake wakasema nimemroga, wengine wakasema sasa ndio kaonyesha makucha yake, nililia Mungu ndio anajua, kumbe hizi dawa, pramipexole, ropinirole na za kundi lao, zinafanya kazi ya dopamini, ile kemikali ya kwenye ubongo, na haziishii kwenye mikono na miguu tu, zinagusa mpaka sehemu ya hamu na raha, breki zinakatika. Sijatunga. Utafiti wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada ulichapishwa 2010, kwa wanaotumia kundi hilo asilimia 17.1 walikuwa na kamari, manunuzi, ngono au kula kusikozuilika, kwa wasiotumia ni asilimia 6.9. Ufaransa mahakama ya rufaa ya Rennes 2012 iliamuru kampuni ya dawa imlipe fidia mgonjwa wa namna hii hii.

Sisi hatukuambiwa. Daktari aliandika dawa akaita mwingine, onyo lenyewe liko kwenye kile kikaratasi cha ndani, herufi ndogo hata mwenye macho mazima hazioni. Na hizi kampuni za kubeti nazo, meseji za bonasi usiku wa manane kwa mgonjwa, nani anaziruhusu?

Mimi nataka hivi, kila kliniki daktari amtoe mgonjwa nje kidogo, aliyemsindikiza aulizwe hela zinaenda wapi, usiku analala, simu anaificha? Na juu ya boksi iandikwe kwa wino mwekundu KAMARI, NGONO, MANUNUZI, KULA. Ila jamani asiyasome haya mtu akaacha dawa ghafla, ni hatari. Mume wangu alipunguziwa taratibu, akaongezewa levodopa, dawa nyingine ya Parkinson, na kubeti kukaisha kwenyewe.

Huyo mzee mrudieni, muulizeni anameza nini, halafu mchapishe ukurasa ule ule, herufi kubwa zile zile mlizomchafulia jina.

Mke wa mgonjwa