Mwanangu, punguza upepo kabla ya mchanga

Mwanangu,

Kabla hujatoka Mto wa Mbu kwenda Ngaresero, pima upepo alfajiri, matairi yakiwa baridi. Ukipima baada ya kukimbia lami, joto limeshapandisha presha. Ukitoa upepo kwa kipimo hicho, matairi yakipoa yatakuwa laini kuliko ulivyokusudia. Anzia kwenye namba za kibandiko cha mlango wa dereva. Tuseme ni psi (kipimo cha presha ya upepo) 35 mbele na 40 nyuma, Land Cruiser yenye mzigo na matairi yasiyo na tyubu.

Kwenye changarawe yenye mawimbi shusha hadi 28 mbele na 32 nyuma. Tairi litameza mtikisiko ambao vinginevyo unamaliza shokapu na kukata springi. Usizidi kilomita 70 kwa saa. Baada ya nusu saa simama upime tena: presha ikiwa imepanda kwa zaidi ya psi 6, umeshusha mno au unakimbia mno kwa mzigo huo.

Mchanga wa makorongoni ndio unaonitia wasiwasi, maana wengi hutoa upepo wakati gari limeshazama. Shusha hadi 18 ukiwa bado kwenye ardhi ngumu. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi hurefuka, uzito ukatawanyika, na tairi likapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Injini ikiendelea kulemewa, shusha hadi 15. Chini ya hapo kona moja ya ghafla yatosha kuchomoa tairi kwenye rimu. Tembea kilomita 30 kwa saa, usukani taratibu. Ukitaka kusimama, achia mafuta gari lisimame lenyewe, kwa kuwa breki hujenga tuta la mchanga mbele ya magurudumu na kuondoka tena inakuwa kazi.

Ukipewa gari lenye matairi ya tyubu, usishuke chini ya 25. Rimu huzunguka ndani ya tairi, tyubu ikavutwa, nozeli ikang'oka.

Mawe makali ya volkano upande wa Ol Doinyo Lengai hayataki 15 wala 35. Tairi gumu hukatwa usoni. Lililo laini mno hutokeza ubavu, na ubavu ndio mwembamba. Weka 25, gia ndogo, na uchague jiwe la kukanyaga.

Udongo mweusi wa mbuga ukilowa, shuka uchome kijiti kwanza. Chini kukiwa kugumu, baki 26 ili meno ya tairi yakate utelezi yafike kwenye ugumu. Kijiti kikididimia tu, shusha hadi 18. Meno yakishajaa udongo, presha yoyote haitakusaidia. Ningependa usubiri jua, hata kama ni siku nzima.

Ukirudi kwenye lami, jaza papo hapo. Tairi la 18 kwenye mwendo wa lami hupata joto ubavuni, nyuzi za ndani zikaachana, na linaweza kupasuka baadaye hata kama umeshalijaza. Kompresa ibane moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa inawaka. Kwenye tundu la sigara utaunguza fyuzi. Ipumzishe kila baada ya matairi mawili. Na rudisha vifuniko vya nozeli, vyote vinne na cha spea, vumbi la huko likiingia kwenye vali upepo utavuja usiku kucha.

Nipigie ukifika Ngaresero.

Mama yako